Jinsi ya kuomba pesa za utafiti wa maumivu na uraibu ukiwa Tabora au Kigoma

Wadau mlioko hospitali za Kitete na Maweni, vyuoni na kwingineko huku magharibi, pesa za kusoma maumivu na uraibu sio za watu wa Dar peke yao. Shida ni kwamba wengi wanakimbilia kuandika andiko, usajili wanaukumbuka wiki ya mwisho, na hapo ndo kila kitu kinakwama.

Kwanza chagua mlango. NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani zinazofadhili utafiti, ina mpango unaitwa HEAL, ulianza 2018 kwa ajili ya maumivu na uraibu wa opioidi (dawa za jamii ya morfini), ila mafungu mengi ya kulea watafiti wachanga yanataka raia au mkaazi wa kudumu wa kulekule, kwahiyo usikeshe hapo. Wewe tafuta K43, fungu la Fogarty, kituo cha NIH cha afya ya kimataifa, hiyo ni ya watafiti wanaochipukia wa nchi kama yetu, unatakiwa uwe umeajiriwa kwenye chuo au taasisi ya utafiti hapa nyumbani, utoe asilimia 75 ya muda wako, alafu uwe na menta (mtafiti mzoefu wa kukuongoza) wa Marekani na wa huku. Soma tangazo lililo hai, lile la mwaka juzi alilokutumia rafiki yako WhatsApp achana nalo.

Usajili sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Pesa haiingii kwako, inaingia kwa mwajiri wako, kwahiyo taasisi ndo inasajiliwa: inapata NCAGE, ni namba ya utambulisho ya taasisi za nje ya Marekani, inaingia SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea pesa zake, kupata namba yake ya utambulisho ya UEI, kisha Grants.gov ya kutumia maombi na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi. NIH wanasema wiki sita au zaidi, mi nasema anza miezi minne kabla, maana jina na anwani zisipofanana herufi kwa herufi kote mnarudishwa mwanzo, na SAM inahuishwa kila mwaka. Mfuate mhasibu na mkuu wa taasisi mapema, uwaeleze kwa upole, bila wao hakuna kitakachotumwa. Wewe binafsi fungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, uiunganishe na eRA Commons.

Kisha ukurasa wa malengo, ni mmoja tu, na kwangu huo ndo moyo wa ombi. Usianze na "maumivu ni tatizo kubwa duniani", hiyo kila mtu anaandika. Andika unachokiona wodini: mtoto wa siko seli kaletwa usiku na bodaboda, kajikunja, hata shuka hataki imguse, panado haijasaidia kitu na nesi anaulizia nani ana ufunguo wa kabati la morfini. Au nenda Urambo, mama anavuna tumbaku asubuhi majani yana umande, nikotini inapita kwenye ngozi, mchana anatapika na kichwa kinazunguka. Hayo mtafiti wa Boston hayaoni, wewe unayaona kila msimu! Ukishaeleza, sema utapima nini na kwa nani.

Huo ukurasa ndo umtumie menta, sio CV tupu. Kwenye ombi lenyewe, sehemu inayokueleza wewe na mpango wa utafiti kwa pamoja visizidi kurasa 12.

Kibali cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hakihitajiki siku ya kutuma ila anza kukiandaa. Ukitaka kufanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuna kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani pia.

Mwisho wa kutuma ni saa 11 jioni kwa saa za kwetu, sio za Washington. Tuma wiki moja kabla, umeme na mtandao wetu mnaujua, alafu ukishatuma una siku mbili za kazi kulikagua ombi ndani ya eRA Commons, na ukikuta kosa, toleo lililorekebishwa nalo liwahi kabla ya muda kuisha. Wakikukatalia, kaa na menta msome maoni yote ya waliolipitia, una miezi 37 tangu ulipolituma mara ya kwanza ya kulirudisha ombi hilohilo likiwa limerekebishwa.