Somo: Kuzijua kamba za mashua ya tanga, kwa sisi wa Ziwa Kivu

Habari zenu, ndugu wa Goma, Bukavu na Idjwi. Esansi ni ghali na upepo wa ziwa letu unapita bure, kwa hiyo tuanze. Majina mengi nimeyachukua kwa mabaharia wa pwani, maana huku tumezoea kasia na injini.

Kamba ziko mafungu mawili: zinazoshikilia mlingoti na zinazoongoza tanga. Za kwanza haziguswi mkiwa majini. Ukifungua moja kwa kukosea, mlingoti unawaangukia.

Hatua ya 1: mlingoti. Kabla ya kuusimamisha, tazama juu. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme unaua. Kisha funga nyaya tatu: moja kwenda omo, yaani mbele ya mashua, na moja kila ubavu. Za ubavuni zishuke nyuma kidogo ya mlingoti, ndipo zitauzuia usiangukie mbele. Mashua kubwa huongeza ya nne kwenda tezi, yaani nyuma. Pitisha kitambaa juu ya kila waya. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, na waya huo ubadilishwe wote.

Hatua ya 2: henza. Ndiyo inayopandisha tanga. Elekeza omo kwenye upepo kwanza, tanga lipepee tu. Mikunjo ikitoka mlingotini kwenda nyuma, henza imelegea. Mkunjo mrefu ukishuka sambamba na mlingoti, umevuta kupita kiasi.

Hatua ya 3: demani. Hapa naomba msome polepole. Demani ndiyo kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, na mwenye demani mkononi ndiye mwenye mashua. Ilegeze mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutikisika, halafu vuta taratibu mpaka utulie. Basi, pametosha. Ukizidisha, mashua inalala ubavu na mwendo unapungua.

Kwenye mashua ndogo, demani usiifunge fundo hata siku moja. Upepo wa Kivu huteremka ghafla kutoka milimani, na ule unaotangulia mvua hausubiri mtu. Ukiiachia demani, tanga linamwaga upepo na mashua inainuka. Ukiwa umeifunga, utatafuta kisu wakati maji yanaingia. Kijana asiyeweza kukaa na demani mkononi, mimi simpi mashua.

Hatua ya 4: mti wa chini ya tanga. Inamisha kichwa kila mnapogeuka. Upepo ukitoka nyuma, mti huo unavuka kwa nguvu ya kupasua kichwa. Na jile ya kuokolea maisha ivaliwe, isikaliwe.

Maswali ya wanachama

*Mukubwa, pirogi yangu ya kuvulia naweza kuitia tanga?*
Hivyo ilivyo, hapana. Ni nyembamba, itapinduka, na haina ubao wa kushika maji, kwa hiyo itasukumwa kando. Ngalawa za pwani zina mirengu miwili, yaani miti ya kuelea pande zote mbili, kwa sababu hiyo. Ukitaka kujaribu, anza na mirengu, halafu ubao wa ubavuni, tanga mwisho.

*Nilifika Zanzibar, sikuona nyaya za ubavuni kwenye ngalawa. Mlingoti unashikwa na nini?*
Umeangalia vizuri, ndugu. Kwenye tanga la foromali, yaani linaloning'inia kwenye mti wa mshazari juu ya mlingoti, henza hufungwa nyuma, upande unakotoka upepo, nayo inashikilia mlingoti pia. Kwa hiyo mgawanyo wangu wa mafungu mawili hauzihusu ngalawa moja kwa moja.

*Nikitoka Goma kwenda Bukavu na upepo unatoka kusini, nitafika?*
Utafika kwa kubisha, yaani kwenda kwa pembe, kushoto na kulia. Mashua nyingi haziwezi kuukaribia upepo zaidi ya nyuzi 45 hivi, kwa hiyo kilomita 100 zinakuwa zaidi ya 140. Panga kulala Idjwi.

*Ni kweli upepo wa huku ni mwepesi kuliko wa baharini?*
Ni kweli. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo upepo wa mwendo uleule unasukuma tanga kwa nguvu pungufu, zaidi ya sehemu moja ya kumi.

*Mama mmoja wa sokoni ananiuzia kamba ya naironi. Inafaa kwa henza?*
Naironi inavutika, na tanga litashuka kidogo kila upepo ukizidi. Nunua hiyo kwa ajili ya nanga. Kwa henza na demani tafuta ya poliesta.