Somo: Kuchora kivuli cha Lwanda Magere

Wachoraji wengi wa Kisumu humpa Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, kifua kipana, mkuki na ngao, basi. Mimi naona hapo hadithi imeachwa nje ya picha. Mikuki ilidunda mwilini mwake, kumbe uhai wake ulikuwa kivulini. Alipougua, alimwambia mkewe, binti wa Lang'o, maadui zake, aliyeletwa kwake, amchanje dawa kwenye kivuli. Binti akachanja, damu ikatoka. Siri ikafika kwao, na vitani kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akageuka jiwe.

Hatua ya 1. Chagua tukio moja. Achana na vita, chora chanjo. Wembe unakaribia ardhi, mume ametazama kando, mke bado hajajua atakalolifanya na siri hiyo. Woga wote wa hadithi umekaa katika mkono ule.

Hatua ya 2. Jiulize kivuli ni nini kwako. Carl Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi aliyefika Mlima Elgon mwaka 1925, aliita kivuli ule upande wa mtu asiotaka kuukiri. Wazee wa Kano, nyumbani kwa Lwanda Magere karibu na Kisumu, walikuwa na kivuli chao bila yeye. Andika jibu lako nyuma ya kitambaa cha kuchorea, kwa penseli, kabla ya kugusa rangi. Usimwonyeshe mtu.

Hatua ya 3. Amua saa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: saa sita mchana kivuli hujificha chini ya nyayo, na shujaa yuko salama. Saa kumi na moja jioni kinamzidi urefu, kimelala wazi uani, yeyote anaweza kukifikia. Chora jioni. Kivuli kichukue nafasi kubwa kuliko mwili, hata kama kichwa cha mtu kitakatwa na ukingo wa picha.

Hatua ya 4. Paka kitambaa kizima kahawia nyepesi, kikauke. Kivuli usikipake kwa rangi nyeusi ya kopo. Changanya altramarini, yaani bluu iliyokolea, na kahawia iliyokolea, upake matabaka membamba, kila moja likauke kwanza, ili udongo uonekane kwa chini. Nyekundu itumike mahali pamoja tu: kwenye chale.

MASWALI

Mwalimu, asiyeijua hadithi ataelewa?
Ataona mtu anayetibiwa ardhini badala ya mwilini, na atashtuka. Mshtuko huo unatosha. Usiandike maelezo ndani ya picha.

Mimi ni wa Kakamega, dada. Naweza kutumia manani, yaani mazimwi, wa hadithi za nyanya?
Tena uanze nao, ndugu yangu. Ila usikimbilie meno na pembe. Katika hadithi zetu zimwi mara nyingi huja na sura ya mtu, akapokewa vizuri nyumbani. Chora makaribisho hayo: kiti alichopewa, na mtoto anayemkodolea macho.

Wazee hawatakasirika nikimchora akiwa dhaifu?
Jiwe lake liko Kano na linaheshimiwa, kwa hiyo nenda ukasikilize kwanza, na mchoro wa penseli mkononi. Masimulizi hutofautiana kutoka boma hadi boma. Mzee akikwambia wembe ulishikwa hivi na si vile, badilisha mkono kabla hujapaka rangi.