Kukagua ukurasa wa kwanza wa mwanafunzi wa wavuti

Mwanafunzi akikutumia ukurasa wake wa kwanza, usikimbilie kodi (maandishi ya programu yanayoujenga ukurasa). Ufungue kwenye simu, tena kwa bando, kama mteja atakavyoufungua. Juzi nilikagua ukurasa wa duka la vitenge ambao kijana mmoja alimtengenezea shangazi yake. Kwenye kompyuta ulipendeza. Kwenye simu yangu ilibidi niuvute kushoto na kulia ndipo nione bei, na picha tatu za MB 4 kila moja zilikula MB 12 kabla sijaona kitenge hata kimoja vizuri.

Hatua ya 1: Utumie kama mgeni. Gusa kila kitu, jaza fomu. Kisha kaa kwenye kompyuta, weka kipanya pembeni, ubonyeze Tab kwenye kibodi, inayokurusha kutoka kiungo au kitufe kimoja hadi kingine, hadi mwisho wa ukurasa. Andika kwa maneno ya mteja: "bei haionekani", "sikufika kwenye kitufe cha kuagiza".

Hatua ya 2: Sasa fungua kodi, utafute chanzo. Bei ilikatika kwa sababu boksi kuu lilipewa `width: 1200px`, na simu nyingi zina upana wa pikseli 360 hivi kwa hesabu ya CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. Kitufe kilirukwa kwa sababu kilikuwa `div` (boksi tupu la kodi) iliyopakwa rangi, si `button` (kitufe halisi). Tab haisimami kwenye `div` ya kawaida, na asiyeona anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, haambiwi kwamba hapo pana kitufe.

Hatua ya 3: Chagua mawili tu. Mimi niliona kasoro kumi na moja. Ukimmwagia zote kwa mkupuo, atafunga kompyuta na hutamsikia tena; nimeshapoteza wanafunzi wazuri hivyo, na inaniuma. Jiulize: ni lipi linamzuia mteja kununua? Majina ya klasi na mpangilio wa mistari ndani ya kodi vitasubiri.

Hatua ya 4: Andika ulichoona, mahali kilipo, sababu yake na pa kuanzia. Nilimwandikia hivi:

"Mdogo wangu, kupanga vitenge kwa rangi kumenisaidia kupata nilichotaka haraka. Ila kwenye simu bei zinakatika upande wa kulia. Angalia mstari wa 14 wa `style.css`: 1200px inalifanya boksi lizidi skrini. Jaribu `max-width`, kisha kwenye Chrome bonyeza F12, gusa alama ya simu, uweke upana wa 360. Ikigoma, nitumie picha ya skrini."

Sifa nayo itaje kitu. "Safi sana" haimwonyeshi cha kurudia kesho. Wala usimwandikie kodi yote. Mpe mlango, aingie mwenyewe.

Kwenye rangi, weka ladha yako kando na upime. "Rangi mbaya" ataibishia, na ana haki. Lakini maandishi ya `#aaa`, kijivu hafifu, juu ya nyeupe yana uwiano wa utofauti wa mwangaza wa 2.3:1 hivi, wakati WCAG, mwongozo wa kurasa zinazotumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Hilo anaweza kulihakiki mwenyewe.

Hatua ya 5: Akirudisha, anza na yale mawili. Usimwongezee jipya kabla hujamwambia yamekaaje.

Kijana alirudi baada ya siku mbili. Bei zote zilionekana, Tab ilisimama kwenye kitufe, na chini ya ujumbe aliuliza: "Kaka, na hizi picha nzito nizipunguzeje?" Kwenye orodha yangu, hilo lilikuwa la tatu.