Ramani ya hatari ya ajali: mfano wa barabara ya Dar es Salaam–Morogoro

Anza na ajali zenyewe. Chukua za miaka 3 mfululizo, zile tu zilizoua au kujeruhi vibaya. Ndogo ndogo achana nazo, maana nyingi humalizwa palepale bila kufika polisi. Hesabu ajali, si watu: basi likipinduka na kuua 15, andika 1. Majeruhi aliyefariki hospitalini ndani ya siku 30 ni kifo cha ajali, kwa hiyo linganisha daftari la polisi na rekodi za hospitali. Namba ya PF3, fomu ya polisi anayopewa majeruhi ili atibiwe, husaidia kuunganisha.

Kazi ngumu ni mahali. "Ajali ya Chalinze" yaweza kuwa mjini au kilomita kadhaa nje ya mji. Usipouliza nguzo ya kilomita, daraja au kijiji, ajali zote zitarundikana penye kituo cha polisi.

Sasa kata barabara vipande, lakini si kwa urefu sawa. Kata pale mambo yanapobadilika: njia nne zinapokuwa mbili, mji unapoanza, au magari yanapopungua. Chalinze lazima pawe mpaka, kwa sababu wa Tanga na Arusha huchepukia hapo. Kipande kifupi mno hudanganya. Kosa la bahati tu ni karibu kipeuo cha pili cha idadi ya ajali: zikiwa 25 ni kama 5, zikiwa 4 ni 2, yaani nusu nzima. Kikiwa na chache hivyo, kiunganishe na jirani anayefanana naye.

Magari yahesabiwe siku 7, usiku pia, bodaboda zikiwemo. Takwimu za mizani ya Vigwaza hazitoshi. Mizani hupima magari makubwa.

Kisha piga hesabu. Tuseme kipande cha kilomita 40, magari 6,000 kwa siku, ajali 24 kwa miaka 3:

40 × 6,000 × 365 × 3 = kilomita 262,800,000 (bilioni 0.2628) zilizotembewa na magari.
24 ÷ 0.2628 = ajali 91 kwa kila kilomita bilioni.

Hiyo ndiyo hatari kwa anayeendesha. Gawanya pia 24 kwa 40 na kwa 3: ajali 0.2 kwa kilomita kwa mwaka. Chora ramani zote mbili. Ya kwanza peke yake huficha miji, kwani magari mengi hushusha kiwango huku watembea kwa miguu wakigongwa. Ya pili ndiyo huonyesha pa kuweka fedha.

Kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, unganisha jedwali na vipande kwa namba ya kipande, kisha paka rangi 5 kama wanavyofanya EuroRAP, mpango wa Ulaya wa kupima usalama wa barabara: kijani (hatari ndogo kabisa), njano, machungwa, nyekundu, nyeusi (kubwa kabisa). Mipaka ya viwango vya Ulaya usiinakili. Weka yako kwa kulinganisha barabara za hapa, la sivyo ramani huenda ikawa nyeusi tupu. Kipande kisicho na takwimu kipake kijivu, kamwe si kijani.