Ukiokota Kinda wa Ndege wa Porini: Mwongozo wa Saa za Mwanzo

Masika yanapoanza, na tena wakati wa vuli, sisi tunaopokea ndege waliodhurika hapa pwani huletewa makinda kwa wingi, kwa kuwa ndege wengi hutaga wakati wadudu wamejaa, na mvua hizo hizo zinazoleta wadudu huja na pepo zinazoangusha viota. Wengi wa makinda hao hawakuwa na haja ya kuletwa. Walikuwa wametoka kiotani kwa wakati wao, wazazi wao walikuwa karibu na chakula mdomoni, akapita mtu mwenye huruma akawachukua. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa ili kumpeleka kinda nyumbani kuwe jambo la kufikiriwa baadaye, na kumlisha baadaye zaidi.

Hatua ya kwanza: Mtambue kabla hujamgusa

Simama mbali kidogo umtazame. Kinda ambaye ngozi yake i tupu, au macho yamefumba, au manyoya yake yangali yamefungwa ndani ya vifuko vyembamba vinavyochoma kama miiba, na ambaye hawezi kusimama wala kushika tawi kwa vidole, mahali pake ni kiotani, na huyo kweli ameanguka. Kinda mwenye manyoya mwili mzima, mkia mfupi na kingo za mdomo zilizo bado za manjano, anayerukaruka na kushika kijiti kwa nguvu, hakuanguka: ametoka. Makinda wa shorewanda na wa ndege wengine wengi wa bustanini hupitisha siku kadhaa chini au vichakani kabla ya kuruka vizuri, na muda huo wote wazazi huendelea kuwalisha kwa kuifuata sauti yao. Msaada anaouhitaji kinda wa namna hii ni kuondolewa barabarani au mbele ya paka, akawekwa kwenye kichaka kilicho hatua chache tu kutoka hapo alipookotwa, ili wazazi wamsikie.

Chagua kichaka kilichoshonana. Ua la michongoma linafaa kuliko tawi la wazi la mwembe, hasa katika miji kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako kunguru wenye shingo ya kijivu, walioingizwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, hupekua miti kutwa nzima wakitafuta mayai na makinda. Ukiwaona kunguru wawili wanamzengea kinda, kuwafukuza kwa nusu saa kutamsaidia kuliko lolote utakalomfanyia nyumbani.

Wana wa kanga na wa kwale ni wa aina nyingine kabisa. Hao huanguliwa wakiwa na malaika mwili mzima na macho wazi, hukimbia mapema na hujiokotea chakula wenyewe, wakimfuata mama. Ukimkuta mmoja peke yake, mama aghalabu amejificha majanini akikungoja wewe uondoke. Usimfukuze, kwa maana utawatawanya na wenzake ambao hukuwaona.

Hatua ya pili: Mrudishe kwa wazazi

Wengi huamini kwamba ndege humkataa mtoto wake akishaguswa na mtu. Si kweli. Ndege humtambua mwanawe zaidi kwa sauti, kwa sura na kwa mahali alipo, na harufu ya mkono wako haimfanyi auache uzao ambao umemgharimu siku nyingi za kuatamia na kulisha. Ukikifikia kiota bila kuhatarisha maisha yako, mrudishe humo, kisha uondoke.

Kiota kikiwa kimeharibika, tengeneza kingine. Kwa ndege wadogo wenye viota vya mfano wa bakuli, kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu chini, ili maji ya mvua yasituame, kikatandikwa majani makavu, kinatosha. Kwa hua na tetere, ambao hujenga jukwaa la vijiti vichache tu, na ndiyo maana makinda wao wawili huanguka mara kwa mara, tumia kikapu kipana kisicho na kina kirefu. Kifunge kwa kamba imara karibu iwezekanavyo na kiota cha awali, mahali pasipopigwa na jua la mchana.

Kwera, ndege mdogo anayefuma kiota cha kuning'inia, anahitaji maelezo zaidi. Kiota chake kikianguka kizima, usiwatoe makinda. Kifunge chote tawini kwa waya mwembamba au kamba, na uhakikishe kwamba kinaning'inia kama kilivyoning'inia mwanzo, mlango ukitazama chini. Ndani mna chumba, na kati ya chumba na mlango mna ukingo unaowazuia makinda wasiteleze. Kiota kikipinduka, ukingo huo haufanyi kazi. Ukiona ndani ya kiota cha kwera kinda mmoja asiyefanana na kwera hata kidogo, yamkini ni mwana wa kekeo, ambaye mama yake hutaga katika viota vya wengine na kuwaachia malezi. Usimwondoe: mlezi wake kwera atamlisha, na si kazi yetu kuamua ugomvi huo.

Baada ya kumrudisha, kaa mbali, umbali wa mita 15 au zaidi, ikiwezekana ndani ya nyumba nyuma ya dirisha, utazame kwa muda wa saa moja au mbili. Mtu anayesimama chini ya mti ili ahakikishe kwamba mama amerudi ndiye anayemzuia mama asirudi.

Hatua ya tatu: Jua ni nani lazima achukuliwe

Mchukue kinda akiwa anatoka damu, bawa lake limelegea upande mmoja, wazazi wamekutwa wamekufa, au muda huo wa kungoja umepita na hakuna aliyemjia. Mchukue pia ukiona katika manyoya yake vitu vyeupe vidogo mfano wa chembe za mchele: hayo ni mayai ya nzi, na yakianguliwa mabuu humla angali hai. Kinda aliyekamatwa na paka achukuliwe hata kama huoni jeraha lolote. Meno ya paka huacha vitundu visivyoonekana chini ya manyoya, na bakteria wa mdomoni mwake humuua ndege mdogo kwa siku moja au mbili, asipopewa antibaiotiki na daktari wa mifugo.

Teleka naye haachwi chini kamwe. Huyu ndiye yule anayefanana na mbayuwayu, mwenye mabawa marefu kama mundu na miguu mifupi isiyoweza kutembea, anayejenga chini ya mapaa ya majengo. Jamaa yake wa minazini hugandisha kiota na mayai kwenye kuti kwa mate yake, na kuti likianguka, makinda huja nalo. Wazazi wa teleka hawatui chini kulisha, kwa hiyo yule asiyeweza kurudishwa kiotani hana njia nyingine ila kupelekwa kwa mtu anayejua kazi. Kumrusha hewani ili ajaribu mabawa, kama watu wengi wafanyavyo kwa nia njema, ni kumvunja.

Hatua ya nne: Joto, giza na ukimya

Hapa ndipo maisha ya makinda wengi huokolewa au hupotea, na hapa ndipo watu hupita haraka kwa kuwa wana hamu ya kulisha. Kinda aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Kinachoingia mdomoni hukaa tumboni kikachacha, naye hufa akiwa ameshiba. Kwa hiyo apate joto kwanza, na chakula kifuate baada ya ngozi yake kuwa vuguvugu kwenye kidole chako.

Tafuta boksi la katoni, ulitoboe matundu ya hewa ubavuni, ndani utandike kipande cha kanga iliyochakaa au karatasi za shashi zilizoviringwa mfano wa kata, ili kinda aketi miguu ikiwa chini ya mwili wake. Akikaa miguu imetanuka kwa siku kadhaa, huenda isinyooke tena. Epuka taulo, maana nyuzi zake hunasa kucha, na epuka majani mabichi, yanayoleta unyevu na kuvu. Weka upande mmoja wa boksi chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande wa pili uache bila kitu, ili yule anayeweza kusogea asogee akisikia joto limezidi. Kinda asiye na manyoya huhitaji nyuzijoto 32 hadi 35 hivi, aliyeanza kuota manyoya 28 hadi 30, na aliyekamilika manyoya hutosheka na joto la kawaida la chumba. Chupa hupoa baada ya saa chache, nayo ikipoa humnyang'anya kinda joto badala ya kumpa, kwa hiyo ibadilishe mapema, usiku pia. Kinda anayehema mdomo wazi huku ameinyosha shingo amepata joto kupita kiasi.

Kisha funika boksi, uliweke mbali na watoto, redio na wanyama wa nyumbani. Usimkaribishe jirani kumtazama. Liweke mbali na banda la kuku pia, kwa maana mdondo na ndui ya kuku vyaweza kupita kati ya ndege wa porini na wa kufugwa, kwa upande wowote ule. Na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo.

Hatua ya tano: Chakula, ikiwa huna budi

Kama utamfikisha kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, afadhali uulize kwanza kabla ya kumpa chochote. Mambo matatu usiyafanye kwa hali yoyote. Usimtonee maji mdomoni: tundu la hewa liko pale pale nyuma ya ulimi, na tone moja likiingia mapafuni linatosha kumuua, maji anayohitaji huyapata ndani ya chakula. Usimpe maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa ndege hawezi kuyameng'enya. Na usimpe mkate wala uji wa mahindi, ambao humjaza bila kumjenga.

Kinda anayeachama ukitikisa boksi kidogo ni mwepesi kulishwa. Mpe vipande vidogo vya panzi aliyeondolewa miguu na kichwa, kumbikumbi walioondolewa mabawa, au chakula kikavu cha paka kilicholowekwa hadi kikawa laini lakini hakichuruziki, ukivitia ndani kooni kwa kibano butu. Hata kwera, ambaye ukubwani ni mla mbegu, huanza maisha kwa kulishwa wadudu. Asiye na manyoya hulishwa kila baada ya nusu saa hivi tangu alfajiri hadi magharibi, na usiku hulala. Baada ya kulishwa, wengi wao hutoa kinyesi kilichofungwa ndani ya utando mweupe. Ukikiona hivyo, tumbo linafanya kazi.

Hua na njiwa hawaachami. Wao huingiza mdomo wao ndani ya mdomo wa mzazi, aliyewaandalia katika siku za kwanza majimaji mazito yanayotengenezwa shingoni, ambayo wewe huna. Aliyeanza kuota manyoya aweza kushikizwa kwa chakula cha vifaranga kinachouzwa katika maduka ya mifugo, kikichanganywa na maji vuguvugu: kata ncha ya bomba la sindano, ufunike mdomo wa bomba hilo kwa mpira wenye tundu, umwache kinda asukume mdomo wake ndani. Ukihisi mfuko wa chakula chini ya koo umejaa, acha. Usiongeze mpaka uwe umepungua.

Kwa makinda wa mwewe, kipanga na bundi, vaa glavu nene, na uihofu miguu kuliko mdomo. Nyama tupu ya buchani, akilishwa kwa wiki, humpinda mifupa kwa kukosa kalisi, kwa kuwa kwao mzazi huleta panya mzima na mifupa yake. Nimeona wengi wenye miguu iliyopinda kwa sababu hiyo, na karibu wote walipendwa sana na waliowalea.

Hatua ya sita: Mkabidhi

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, haziruhusu mtu kumfuga ndege wa porini bila kibali. Toa taarifa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kwa ndege walao nyama, Kenya Bird of Prey Trust ina vituo Naivasha na Soysambu.

Sheria hiyo ina sababu. Kinda anayelelewa peke yake na watu huwachukua watu kuwa ndio jamaa zake, na akikomaa hajui kuogopa, hajui kuwinda, wala hajui mwenziwe ni nani. Rwanda imelipia jambo hili kwa korongo wenye taji, waliochukuliwa wadogo mabwawani wakafugwa kama mapambo katika bustani za mahoteli na za watu binafsi. Tangu 2014 juhudi zilizoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana zimewatoa kwenye ufungwa, wenye uwezo wakazoezwa upya katika Hifadhi ya Akagera, na wale waliokatwa mabawa au kulemaa wakapewa makao ya kudumu katika kituo kiitwacho Kijiji cha Umusambi, Kigali, kwa kuwa porini hawawezi tena kuishi.

Unapomkabidhi, andika mahali hasa alipookotwa, saa, aliyoyala na dawa aliyopewa, kwa sababu akipona atarudishwa karibu na hapo hapo. Njiani mweke ndani ya boksi lililofungwa, mapajani mwako na si kwenye buti la gari, na ukipanda daladala au matatu, keti mbali na spika.