Somo: Kuchagua kibodi ya zamani ya springi

Swali la jinsi ya kuchagua kibodi ya zamani ya springi hurudi kila mara, kwa hiyo naliandikia jibu moja kamili. Mfano wangu ni Model M, kibodi ya kampuni ya IBM, iliyoanza kutoka mwaka 1985.

Kwanza, igeuze usome lebo ya chini. Tarehe ya kutengenezwa imo.

Pili, hakikisha waya upo.

Tatu, bonyeza kila kitufe polepole. Springi hujikunja ghafla, ikalia, na herufi huandikika papo hapo, kwa hiyo kidole hakihitaji kukisia. Kitufe kisicholia huenda springi yake imekaa upande tu.

Nne, na hapa msiharakishe, itikise karibu na sikio. Bamba la chuma limeshikiliwa na ribiti ndogo za plastiki ambazo hukatika kwa uzee, na vipande vyake husikika vikicheza ndani kama punje za mchele. Chache si neno, lakini zikizidi, bamba hulegea na mguso wa vitufe huharibika. Dawa yake ni kutoboa matundu na kufunga skrubu, kazi inayotaka subira. Onyo: usilazimishe bisibisi. Skrubu za ganda zina kichwa cha pembe sita cha milimita 5.5, ndani ya shimo refu jembamba, nazo hutaka spana ya bomba yenye ukuta mwembamba. Onyo la pili ni letu wa Mombasa: ng'oa vifuniko viwili vitatu vya vitufe utazame kutu, kwani upepo wa chumvi hauhurumii springi.

MASWALI

— Bei gani?
Bei hufuata hali yake. Rudia hatua ya nne.

— Nimeichomeka kwa adapta ndogo ya USB, haiwaki. Nimeuziwa mbovu, sivyo?
Usimlaumu muuzaji bado. Adapta hiyo hubadilisha umbo la plagi tu, ilhali kibodi hii haifahamu USB. Tafuta kigeuzi chenye saketi ndani.

— Shikamoo maalim. Vidole vyangu huchoka upesi. Je, springi hii itanifaa?
Marahaba, bibi. Umeuliza la maana. Model M hutaka nguvu inayozidi gramu 60, na kibodi yenye swichi nyekundu za Cherry MX (swichi ndiyo hupokea mbonyezo chini ya kila kitufe) takribani 45, kwa hiyo anza na hiyo nyepesi, japo haina mlio wala kituo cha kuhisiwa na kidole.

— Na vifuniko vichafu, maalim?
Vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, uvianike kivulini vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha.