Namna ya kufuatilia neno "shauri" katika Mambo Leo la zamani

Ukihesabu tu mara ambazo neno shauri limetokea katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi ambalo serikali ilianza kulitoa Dar es Salaam mwaka 1923, utapata namba isiyosema kitu. Neno hilo hubeba kesi, nasaha, mpango, hata majaliwa. Maana hizo hutenganishwa na maneno yaliyo jirani nalo, kwa hiyo kusanya majirani.

Hatua ya 1: Gawa miaka
Chukua matoleo 6 ya kabla ya 1930 na 6 ya baada yake, miezi ile ile pande zote mbili. Mwaka huo Kamati ya Lugha, chombo cha pamoja cha nchi za Afrika Mashariki, ilianza kusanifisha Kiswahili kwa kuegemea Kiunguja. Ukitia yote kapu moja, kanuni za wahariri zitaonekana kana kwamba ni usemi wa watu uliobadilika.

Hatua ya 2: Nasa maumbo yote
Orodha yako iwe na shauri, mashauri, ushauri, mshauri, kushauri, kushauriana, kushauriwa. Kwenye kurasa zilizopigwa picha, tafuta "shauri" bila kuacha nafasi pembeni, ili upate na yaliyomo ndani ya vitenzi. Kisha tafuta "sha-" na "shau-", maana safu za gazeti ni nyembamba na neno hukatwa mwishoni mwa mstari. Tafuta pia "shanri": wino ukififia, kompyuta husoma u kama n. Baada ya hapo soma toleo 1 zima kwa macho. Kama kompyuta imekosa zaidi ya tokeo 1 katika kila 10, usiitegemee. Soma yote mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika kadi
Kila tokeo na kadi yake: mwaka, mwezi, ukurasa, maneno 7 kabla na 7 baada, msemaji ni nani, na aina ya andiko (habari, tangazo, barua ya msomaji, shairi). Maana usiijaze bado. Ukiijaza mapema, kadi ya 40 itafuata mkumbo wa ile ya 1. Mashairi yaweke bunda lake, kwa sababu vina na mizani humsukuma mtunzi kuchagua neno ambalo katika nathari asingelitumia.

Hatua ya 4: Panga kwa majirani
Hapa ndipo penye kazi. Anza na kitenzi. Shauri likipelekwa, likisikilizwa au likiamuliwa, na karibu yake kuna liwali au hakimu, hiyo ni kesi. Likitolewa au likiombwa, ni nasaha. Watu wakifanya shauri, wanapanga jambo. Kukata shauri ndiko kunakowapoteza wengi: huonekana kama hukumu, kumbe ni kuazimia tu, hata kama mtu yuko peke yake chumbani. Shauri la Mungu halina mshauri wala mshauriwa, ni majaliwa.

Kisha tazama upatanisho. "Shauri la" hufuata ngeli ya LI-YA. "Shauri ya" inayoweza kubadilishwa na "kwa sababu ya" bila sentensi kuharibika ina kazi nyingine kabisa, na haifai kuhesabiwa pamoja na nomino ya kawaida. Usiisahihishe unaponakili! Ya ikigeuzwa kuwa la, ushahidi umefutika. Katika "shauri yako" au "shauri lako", angalia kama msemaji anazungumzia ushauri wa mtu au anajivua lawama. Sentensi inayofuata ndiyo itakayoamua.

Kadi isiyokubali fungu lolote iandike "haijulikani". Fungu hilo likipita robo ya kadi zote, maneno 7 hayatoshi. Ongeza hadi 15.

Hatua ya 5: Hesabu kwa uwiano
Matoleo hayalingani urefu. Gawanya idadi ya matokeo kwa jumla ya maneno, zidisha kwa 10,000. Kwa mfano, matokeo 18 katika maneno 24,000 ni 7.5. Fanya hivyo kwa kila maana peke yake na kwa kila aina ya andiko. Maana ya kesi ikipanda baada ya 1930, tazama kwanza kama kurasa za matangazo ya serikali zimeongezeka. Huenda neno limebaki lilivyokuwa, ila gazeti limebadili mizigo.

Maana yenye kadi chini ya 5 iandike kwa maneno, bila uwiano.